Laini ya Tatu

Jumatatu aliyoitwa polisi, Msafiri alivaa shati lake la Ijumaa. Simu ilikuja saa mbili asubuhi. Mtu alizungumza naye Kiarabu cha taratibu, akamwambia afike kituoni na kitambulisho chake cha ukaazi, jambo lenyewe dogo. Msafiri alikuwa amekaa miaka kumi na moja Muscat, mtunza stoo wa duka la vipuri vya magari huko Hamriya, na hakuwahi kuitwa popote hata kwa kosa la kuvuka barabara. Alimwambia dada yake Mboni aloweke maharage kabla hajatoka, kwani siku hiyo zamu ya kupika ilikuwa yake na alitaka akirudi aunge tu. Akateremka ngazi akipiga mluzi.

Mboni aliporudi kazini saa kumi, maharage yalikuwa yamefura mpaka mdomoni mwa sufuria na mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Alipiga simu ya kaka yake, haikupatikana. Akayachemsha maharage, akayaunga kwa nazi, akayafunika. Ilipokaribia magharibi mtu wa dukani kwa Msafiri alipanda ngazi na kusimama mlangoni bila kuvua viatu. Alisema Msafiri amewekwa ndani. Mzee mmoja wa Kiomani alipigiwa simu na watu waliojifanya wa benki, akawasomea namba za siri, wakamkomba akiba yake yote. Namba waliyopigia ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha Msafiri.

"Ana laini ngapi kwa jina lake?" yule mtu aliuliza.

"Sijui," Mboni alisema.

Alijua. Zilikuwa tatu. Moja ya Msafiri mwenyewe, moja yake yeye Mboni tangu alipofika, na ya tatu ya Rahila.

Watu wa bara walioko Muscat wamelizoea jambo hili kiasi cha kutoliona kuwa ni jambo. Msichana akifika, kitambulisho chake huchukua wiki, pengine miezi, na bila kitambulisho hapati laini, na bila laini mama yake kule nyumbani hajui kama kafika au kazama. Basi aliyetangulia humsajilia kwa jina lake. Hakuna anayesaini popote wala anayedai shukrani. Rahila alikuwa mtoto wa jirani yao Muheza. Siku ya kwanza alilia mpaka akatapika, na Mboni ndiye aliyemwambia kaka yake, mfanyie huyu mtoto laini, tumpunguzie upweke. Msafiri alikwenda dukani saa ile ile.

*

Wiki ile Mboni alijifunza kwamba wakili wa kusimama mahakamani lazima awe Mwomani, na kwamba mawakili hukaa kwenye majengo yenye vioo ambavyo mtu hujiona ndani yake kabla hajaingia. Katika ofisi ya kwanza walimkalisha kwenye kiti cha karibu na mlango, wanapokaa wanaoleta vifurushi, kisha wakamwambia arudi na mwanamume anayejua Kiarabu. Katika ya pili walimtajia ada ambayo ilikuwa mshahara wake wa mwaka na nusu. Aliyemtajia alikuwa kijana mpole, na baada ya kuitaja alitazama pembeni ili Mboni apate nafasi ya kusimama.

Mboni alikuwa msafishaji katika zahanati moja ya Khuwair ya Kusini. Zamani aliwahi kufanya kazi za nyumbani, kisha kampuni ya usafi ikamchukua. Mwenzake wa zamu alikuwa Conjesta, mwanamke wa Bukoba mwenye mdomo usio na breki. Jumapili ya wiki ya pili walikuwa wakipiga deki kwenye korido ya vipimo. Mwishoni mwa safu ya viti alikaa mzee mmoja wa Kiomani, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, bakora kati ya magoti, macho yamefumba.

"Mtazame huyu, dada," Conjesta alisema bila kupunguza sauti, kama wasemavyo wote wanaoamini kwamba Kiswahili ni chumba chao na ufunguo wanao wenyewe. "Kakaa kama kiti kazaliwa nacho. Tukimwambia ainue miguu atadhani tunamwomba figo."

Mboni alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. Na kwa kuwa kicheko kilifungua kitu, maneno yote yakafuata. Alimweleza Conjesta kwamba shida ya kaka yake ni yeye mwenyewe. Kwamba laini ni ya Rahila, na Msafiri anajua, na bila shaka amenyamaza ili asiwataje wao. "Nikisema, Rahila atafukuzwa kazi, labda ashtakiwe. Nisiposema, kaka anaozea ndani. Na pengine hata mimi watanifunga, maana mimi ndiye niliyemwomba."

Mzee akainua miguu yake yote miwili juu, mmoja baada ya mwingine, akaishikilia hewani.

"Pigeni deki, wanangu," alisema, bila kufumbua macho. "Figo nnazo mbili, na moja mbovu. Hiyo mbovu mkiitaka nitakupeni."

Fimbo ya deki ilimponyoka Conjesta ikaanguka kwa kishindo. Wote wawili walisema shikamoo kwa pamoja, Conjesta kwa sauti ndogo ambayo Mboni hakuwahi kuisikia kwake.

"Marahaba. Mie mtoto wa Mchangani, Unguja. Nimekuja huku nna miaka kumi na tisa." Akafumbua macho, akamtazama Mboni. "Sikuwa nikisikiliza kwa makusudi. Lakini mmesema kwa sauti, na masikio bado mazima. Huyo kaka yako ana wakili?"

"Hana, mzee."

"Basi anaye," alisema, akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu kutafuta kadi yake.

*

Jina lake Harub. Ofisi yake ilikuwa Hamriya, juu ya duka la mshona majoho, ngazi za zamani ambazo yeye mwenyewe alizipanda kwa kupumzika mara mbili. Alifanya kazi na Masouda, binti wa kaka yake, wakili kijana aliyevaa miwani mikubwa na kumwita "ami". Wawili hao waligombana siku nzima, nusu kwa Kiarabu nusu kwa Kiswahili, kuhusu mafaili, dawa, na sukari kwenye chai ya mzee.

Mboni alikaa mbele ya meza akidhani hakuna la kueleza. Mzee alikwisha kusikia yote. Lakini Harub alikunja mikono.

"Niliyoyasikia kule nimeyasikia kama mgonjwa," alisema. "Hapa mie wakili. Sema upya."

Haikuwa kitu kimoja. Koridoni aliyasema kwa Conjesta, na maneno yaliyosemwa kwa Conjesta hayana uzito wowote. Hapa palikuwa na Masouda na ukurasa mweupe. Harub hakumhimiza. Aliagiza chai, akanywa yake, akakaripiwa kwa sukari. Mboni alipoanza kusema, alitazama meza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi leo utalala."

Kuhusu ada, alisema ataitaja kesi ikimalizika. Kwa sasa alipie stempu tu. Kisha akampa sharti. Kesi ya jinai, alisema, haiachwi iende peke yake. Kila tarehe itakayopangwa Mboni afike, hata kama itaahirishwa kwa dakika mbili, hata kama hatoelewa neno. Mshtakiwa akigeuka nyuma lazima amwone mtu wake. Na ajifunze kuitafuta kesi mwenyewe kwenye orodha, asimngoje wakili kama abiria.

Mboni alisoma chuo cha Kurani Muheza hata akahitimu, kwa hiyo herufi za Kiarabu alizijua zote. Alichokikosa ni maana. Basi kila tarehe alisimama mbele ya skrini nje ya ukumbi wa mahakama, akisoma majina ya washtakiwa herufi kwa herufi, midomo ikicheza kama mtoto anayejifunza juzuu, mpaka alipofika kwenye mimu, sini, alifu, fei, rei, jina la kaka yake. Hapo alijua mlango wa kuingia.

Harub alikwenda kumwona Msafiri mahabusu ili asaini hati ya uwakili. Alirudi amechoka, akaketi kabla ya kuvua viatu.

"Kaka yako jabali. Nimemwambia nnajua laini ya nani. Kanambia laini zote zake, anazitumia zote tatu. Na keshasaini maelezo hayo hayo kwa polisi." Akasugua magoti. "Mtu akishikilia uongo wa kujiumiza, hakimu humwamini upesi kuliko anayesema kweli. Huyo Rahila lazima aje aseme alipoipeleka laini. Bila yeye, mie nnapiga maneno tu."

*

Rahila alikuwa hapokei simu tangu habari ienee. Mboni alikwenda kwa miguu baada ya zamu, nyumba aliyofanya kazi Rahila haikuwa mbali na zahanati. Alikusudia kumwita kwa mlango wa jikoni. Lakini aliyefungua geti alikuwa mwenye nyumba, Nawar, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa makamo na kalamu nyekundu mkononi. Aliuliza kwa Kiarabu. Kiarabu cha Mboni kilikuwa cha sabuni, ndoo na kesho. Nawar akageuka akamwita Rahila aje afasiri.

Rahila alikuja na unga mikononi. Alipomwona Mboni, uso ulimwishia damu.

"Mama anauliza umekuja kwa jambo gani," alisema, na macho yake yakasema jingine.

"Mwambie kaka yangu yuko ndani kwa ile laini aliyokusajilia wewe."

Ilikuwa rahisi kabisa kudanganya. Rahila angeweza kusema huyu dada kaja kuomba sukari, kaja kuuliza kazi, na Mboni asingejua. Nawar alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Rahila alijifuta unga kwenye gauni, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Katika yote hayo Mboni alitambua jina la kaka yake, neno la simu, na neno la "mimi", ambalo Rahila alilirudia mara tatu, mkono ukiwa kifuani.

Nawar hakupiga kelele. Alikaa pale pale kwenye ngazi ya mlango, akauliza maswali mafupi kama anayesahihisha daftari, na Rahila akamfasiria Mboni kila swali na jibu lake. Simu iko wapi? Aliiuza Hamriya, wiki moja baada ya Idi, pale Nawar mwenyewe alipompa nyingine mpya. Na laini? Ilibaki ndani ya simu. Wakati huo kitambulisho chake kilikuwa kimetoka, amepata laini yake, akadhani ile ya zamani imekufa. Nani aliyenunua? Mwenye duka la simu zilizotumika, karibu na msikiti. Kwa nini hukusema? Hapo Rahila akalia.

Nawar alisimama akasema maneno machache. Rahila aliyafasiri huku akijifuta pua kwa kiwiko.

"Mama anasema nikanawe mikono, twende dukani kabla hawajafunga."

Mboni alikwisha kupita kwenye duka lile siku za nyuma akibahatisha duka baada ya duka kama kuna aliyeuziwa simu yenye laini ile, wakamwambia hawaweki kumbukumbu. Nawar alipouliza, daftari lilitokea chini ya kaunta. Ndani yake kulikuwa na tarehe, namba ya kitambulisho cha Rahila, na namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ile ndefu inayoandikwa nyuma ya betri. Chini yake, siku tatu baadaye, jina la mtu aliyeinunua. Yule mzee aliyeibiwa akiba alipigiwa simu wiki saba baada ya hapo. Nawar aliupiga picha ukurasa, kisha akataka mwenye duka asaini kwamba ndiyo kumbukumbu yake, na akasimama pale mpaka aliposaini.

Walirudi kwa gari la Nawar. Mboni alishuka kwanza. Alitafuta neno la Kiarabu la kumshukuru yule mama, akapata moja tu, lile la kila siku, akalisema mara mbili.

*

Kesi iliahirishwa mara nne. Mara moja mkalimani hakuja, mara moja hakimu alikuwa safarini, mara mbili Mboni hakuelewa sababu. Kila mara aliomba ruhusa kazini na kukatwa siku, na Conjesta alipiga deki za watu wawili akisema ni kafara ya maneno yake kwa mzee. Msafiri aliletwa pamoja na mahabusu wenzake akiwa amekonda shingo. Aligeuka, akamwona, akageuka mbele. Hiyo ndiyo iliyokuwa mikutano yao.

Siku Rahila alipotoa ushahidi, Nawar alikaa nyuma yake, mkoba juu ya mapaja, kama mzazi siku ya mitihani. Msafiri aliposikia jina likiitwa aligeuka kwa hasira kumtazama dada yake, akatikisa kichwa. Kisha Rahila akaanza kusema, na Msafiri akainamisha uso akaufuta kwa mikono yote miwili. Hakimu alimuuliza Rahila kama anajua kwamba kuuza simu na laini ya mtu ndani yake ni kosa. Alisema sasa anajua. Hakimu akamwonya, karani akaandika, na Harub akasimama na bakora yake akaomba ile namba ndefu iliyoandikwa dukani ilinganishwe na ya simu iliyompigia mlalamikaji. Ilikuwa ile ile. Hukumu ikapangwa Jumapili, baada ya wiki mbili.

Nje ya ukumbi Mboni alitaka kumbusu Harub mkono. Mzee aliuvuta.

"Nenda kazini, utafukuzwa," alisema. "Nnakujua wewe na deki."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwake. Jumanne ya kabla ya hukumu Masouda alipiga simu. Ile figo nzuri nayo ilikuwa imechoka.

*

Mboni alikwenda kuhani kwenye tanzia ya wanawake siku ya pili, na buibui la kuazima. Ukumbi ulijaa mama wa Kiomani waliokaa kwenye mazulia, wakisoma, wakinong'ona Kiswahili cha Unguja na Kiarabu ndani ya sentensi moja. Alisimama mlangoni akitafuta pa kukaa. Bibi mmoja mnene, mwenye macho mekundu ya kulia, alimwona, akamtazama viganja na viatu, akamwashiria.

"Hebu, bibi, chukua birika hilo. Upande ule hawajapata kahawa."

Mboni alichukua birika. Aliifanya kazi ile miaka mingi katika nyumba za watu na aliijua: birika mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, kumimina kidogo, kungoja mpaka mtu atikise kikombe kuwa kinatosha. Alianza na wazee. Akizunguka alisikia habari za marehemu kutoka kila kundi. Kwamba alipokuwa mdogo alikuwa mbishi hata mwalimu wa chuo alimlipa anyamaze. Kwamba alificha sukari kwenye soksi. Mwanamke mmoja wa Kifilipino kwenye kona alikuwa akilia peke yake, na Mboni alimmiminia kikombe kamili.

Alikuwa amefika nusu ya ukumbi Masouda alipotoka chumba cha ndani, akamwona, akasimama.

"Shangazi, huyu si mfanyakazi," alisema. "Huyu mteja wa ami. Mgeni wetu."

Yule bibi mnene alishika mdomo. "Astaghfirullah. Mwanangu, na wewe mbona hukusema?"

Wanawake wa karibu waligeuka kumtazama. Mboni alihisi joto la birika likipita kwenye kitambaa mpaka mkononi.

"Nilitaka kumfanyia kitu, bibi," alisema. "Nilikuwa sijapata la kumfanyia."

 Masouda alikuwa amenyoosha mkono kulichukua birika, bibi akamzuia.

"Mwache. Malizia upande ule, mwanangu, usimruke mtu. Kisha uje ukae hapa ubavuni kwangu, mie mwenyewe ntakumiminia."

Mboni alimaliza upande ule. Kisha akaenda akakaa.

*

Jumapili Masouda alisimama peke yake pale walipozoea kusimama wawili. Hakimu alisoma haraka, kwa Kiarabu kilichonyooka. Mboni hakuelewa, lakini alikuwa akimtazama kaka yake. Mkalimani alimwinamia Msafiri akamnong'oneza, na mikono ya Msafiri ikaanza kutafuta kitu cha kushika, ikakosa, ikashikana yenyewe. Masouda aligeuka nyuma. Alikuwa analia, na hapo Mboni akaogopa, mpaka alipomwona anaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, hana hatia.

Msafiri alitoka kesho yake alasiri, na shati lake la Ijumaa ndani ya mfuko wa plastiki. Kwanza aligomba. Alimwuliza dada yake nani aliyemtuma kutaja majina ya watu. Kisha akauliza kaburi la mzee liko wapi, na wakaenda huko kabla ya kwenda nyumbani. Msafiri alisoma Yasini yote kwa moyo. Mboni alimwachia nafasi, akasimama ukutani mwa makaburi, akashukuru kwa majina: Harub, Masouda, Nawar, Conjesta, Rahila ambaye hakufasiri uongo. Ilimchukua muda kwa sababu hakutaka kumruka yeyote.

Masouda alikataa kutaja ada. Alisema ami hakuiandika popote na yeye hawezi kubuni hesabu ya marehemu. Rahila yuko kwa Nawar bado. Nafasi ya Msafiri dukani ilikuwa imechukuliwa, lakini kafili wake, mwenye kumdhamini ukaazi, alimpa barua ya kuhama, na siku hizi anafanya kazi kwenye ghala la vigae, anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa kumi. Mtu aliyenunua ile simu alikamatwa mwezi uliopita. Msafiri ataitwa kama shahidi. Tarehe haijapangwa.